Kabla Uwekwe Sindano Usoni, Piga Hesabu Yote

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio usiutafute hadi mwisho: mimi sipingi sindano za urembo. Uso ni wako, doh ni yako, na hakuna mtu wa Laini Saba ama wa Karen ana haki ya kukupangia midomo. Kile napinga ni vile tunauziwa. Tunaonyeshwa mdomo wa siku ya kumi na nne, umekaa fiti, unang'aa, wimbo poa uko chini. Hatuonyeshwi mdomo wa siku ya pili. Hatuonyeshwi risiti. Hatuonyeshwi mwezi wa nne dawa ikiwa imeisha na mfuko umekauka. Na hatuambiwi huyo mwenye ameshika sindano alisomea wapi.

Na usiniambie hii ni story ya watu wa Kileleshwa. Kutoka Laini Saba hadi Kenyatta Market ni kutembea tu, na huko ndiko madem wengi wa mtaa huenda kusukwa. Ukisonga mbele kidogo uko Upper Hill, ama Hurlingham, penye kliniki zenyewe ziko. Lakini siku hizi hata huhitaji kutoka kwa ploti. Sindano inakufuata kwa simu: "Naja kwako. Ofa ya wikendi. Leta mabeste watatu, wewe unafanyiwa bure."

Najua juu hata mimi nilitumiwa. Mtu aliona klipu zangu za mekapu akaniandikia inbox. Dili ilikuwa hivi: mimi nitajaziwa midomo bure, nirekodi vidio, halafu kila dem nitakayemleta nilipwe 1,500. Nikamuuliza maswali matatu. Dawa inaitwaje? Umesajiliwa na baraza gani? Na ikienda vibaya, uko na dawa ya kuiyeyusha? Swali la kwanza akalijibu kwa emoji ya moto. Hayo mengine mawili akayajibu kwa kunibloku.

Sasa, wale madem alitaka niwalete ni watu nawajua. Ni wale hunisalimia nikishuka kununua mandazi asubuhi. Kwa hivyo hii hapa ni ile vidio hakupata.

Sindano ni mbili, usizichanganye

Watu huita kila kitu Botox. Si kweli. Kuna aina mbili kubwa na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni Botox na ndugu zake, kama Dysport na Xeomin. Hizo zote zimetengenezwa kutoka kwa sumu ya bakteria inayoitwa botulinamu. Ndiyo, sumu. Ile ile inayofanya mtu apooze akila chakula cha mkebe kilichoharibika. Jina lenyewe linatoka kwa neno la Kilatini la sosej, juu Wajerumani wa zamani walikuwa wanakufa wakila sosej mbovu. Kwa hivyo ukila smokie pale steji, mkumbuke babu yake Botox.

Ikitumiwa kwa kipimo kidogo sana, inazuia neva isiiambie misuli ikunje. Misuli ikipumzika, mkunjo wa ngozi unapungua. Daktari wa macho kule San Francisco, Alan Scott, ndiye aliyeanza kuitumia kunyoosha macho ya makengeza, na Marekani ikaikubali kwa kazi hiyo mwaka 1989. Urembo ulikuja baadaye: ruhusa ya mikunjo ya katikati ya nyusi ilitoka 2002. Leo inatumika pia kutibu kipandauso na watu wanaotoka jasho kupita kiasi. Kwa hivyo si uchawi wala si takataka. Ni dawa, na dawa huwa na kipimo, na kipimo huwa na mtu wa kukipima.

Ya pili ni fila, yaani dawa ya kujaza. Hii haipumzishi misuli. Ni kama jeli inayowekwa chini ya ngozi ili mahali pajae: midomo, mashavu, kidevu, chini ya macho. Nyingi zimetengenezwa kwa asidi ya hialuroniki, kitu ambacho mwili wako tayari unacho. Uzuri wake ni kwamba ikikaa vibaya, kuna dawa nyingine inayoitwa hialuronidasi inayoweza kuiyeyusha. Shika hilo jina. Litarudi.

Halafu kuna silikoni ya maji. Hiyo haiyeyuki, inaweza kutembea ndani ya mwili, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuiruhusu idungwe kwa ajili ya kujaza uso ama mwili. Mtu akikuambia "hii yangu haitoki milele", usifurahi. Muulize ni nini.

Na zile dripu za kung'arisha ngozi? Hizo ni mnyama mwingine kabisa, lakini kwa sababu zinauzwa na watu wale wale, kwa bei ya kifurushi, nitasema sentensi moja: hakuna sindano ya kung'arisha ngozi ambayo FDA imewahi kuikubali. Hata moja.

Bei ya tangazo na bei ya maisha

Nilipiga simu kliniki kadhaa za hapa Nairobi nikijifanya mteja. Kumuona tu daktari, kabla hajagusa kitu, nilitajiwa 3,000 hadi 5,000. Botox ya sehemu moja, tuseme paji la uso, 15,000 hadi 25,000. Fila ya mililita moja, 35,000 hadi 60,000. Na mililita moja si nyingi. Kijiko cha chai kinabeba tano.

Ukidhani Nairobi inakuibia, angalia kwingine. Marekani, chama cha madaktari wao wa upasuaji wa plastiki hutaja wastani wa zaidi ya dola 400 kwa Botox na zaidi ya dola 700 kwa fila. Badilisha kwa shilingi: zaidi ya 50,000 na zaidi ya 90,000. Hii dawa inatoka nje, inakuja kwa ndege ikiwa kwenye baridi, inalipiwa ushuru. Haiwezi kuwa rahisi. Kwa hivyo ukiona bango la "midomo 5,000 peke yake", usiulize mbona ni rahisi hivyo. Jiulize ndani ya hiyo sindano kuna nini, juu fila halisi kwa hiyo bei haiwezekani.

Sasa njoo tupige hesabu ya mtaa. Botox hukaa miezi mitatu hadi minne. Ukitaka uso ubaki vile, unarudi mara tatu kwa mwaka. Hapo ni 60,000 ukichukua bei ya 20,000. Fila ya midomo hukaa kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Ongeza 40,000. Jumla ni laki moja kwa mwaka. Keja ya mabati Laini Saba, ya 3,000 kwa mwezi, ni 36,000 kwa mwaka. Umelipa karibu miaka mitatu ya rent, na Desemba uso umerudi vile ulikuwa Januari.

Tangazo la serikali la Novemba 2024 liliweka mshahara wa chini kabisa wa kibarua hapa Nairobi kuwa 16,113 na senti kwa mwezi. Na wengi wetu tunajua watu hawafikishi hata hiyo. Mtu anafua nguo za watu Nyayo Highrise, anarudi jioni na 500 ama 700. Ukimwambia "jipende, wekeza kwa uso wako", unamwambia afanye kazi miezi miwili na nusu asile, ndio apate mililita moja.

Bima haitaokoa hapa. Bima hulipia ugonjwa, si urembo. Kwa hivyo doh itatoka wapi? Wote tunajua. Itatoka kwa Fuliza, kwa ile programu ya mkopo inapigia hadi shosho yako simu ukichelewa, kwa chama, ama kwa mtu mwenye atataka kulipwa kwa njia nyingine. Hiyo ya mwisho sitaipamba. Nimeona madem wakiingia kwa mikono ya wazee wenye magari juu ya wigi tu. Wigi unaweza kuvua ukaiuza. Fila huwezi kurudisha.

Siku baada ya sindano

Hapa ndipo vidio hukatika, kwa hivyo wacha niende polepole.

Ukidungwa Botox, unatoka na vivimbe vidogo kama umeumwa na mbu. Hivyo hupotea ndani ya saa moja hivi. Unaweza kupata alama ya damu kuvilia na kuumwa na kichwa siku moja mbili. Hutaona mabadiliko siku hiyo. Kazi inaanza kuonekana siku ya tatu hadi ya tano, na uso unatulia kama wiki mbili baadaye. Utaambiwa usisugue mahali palipodungwa, usilale kwa saa nne hivi, na usifanye mazoezi ama kazi ngumu siku hiyo. Dawa ikisonga mahali haifai, kope inaweza kulegea jicho likabaki nusu mlingoti kwa wiki kadhaa. Itarudi yenyewe, lakini wiki kadhaa ni ndefu kama kazi yako ni kukaa mbele ya watu.

Fila ina vurugu zaidi. Midomo ina damu nyingi, kwa hivyo inavimba. Siku ya kwanza hadi ya tatu ndiyo mbaya kabisa. Utaangalia kioo uone kama umepigana na nyuki. Alama za kuvilia damu zinaweza kukaa wiki moja, hata mbili. Unaweza kuhisi vidonge vidogo ndani ya mdomo. Kama wewe ni mtu wa kutokwa na malengelenge ya homa kwa midomo, sindano inaweza kuyaamsha, kwa hivyo mwambie daktari kabla. Kukunywa aspirini ama ibuprofeni kabla kunaongeza kuvilia. Pombe pia. Ukiwa na mimba ama unanyonyesha, acha. Hakuna haraka.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna yetu. Kila kidonda kidogo kwetu kinaweza kuacha doa jeusi lenye hukaa miezi. Kama ukitoboa sikio unaota keloidi, sema kabla ya sindano, si baada. Daktari aliyezoea ngozi ya rangi nyingine pekee anaweza asikuulize.

Lakini angalia vile haya mashauri ya baada ya sindano yameandikwa. "Weka barafu." Barafu gani, na friji iko kwa nani? Utaenda kuomba kwa duka la soda? "Epuka joto." Na chapati zitapikwa na nani, na jiko liko ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi? "Usiiname, usibebe vitu vizito." Mtungi wa lita ishirini wa maji unajileta? "Weka mahali pasafi." Vumbi ya mtaa unaijua. Haya mashauri yanafikiria uko na ofisi, kiti na siku tatu za likizo. Ukiishi kwa kazi ya kila siku, ongeza kwenye bei zile siku hutafanya kazi. Hiyo doh haiandikwi kwenye bango lolote.

Ikienda vibaya

Najua kuna mtu anasema sasa ananitisha. Sikutishi. Madhara makubwa ni nadra ukiwa kwa mikono inayojua. Lakini nadra si sifuri, na mikono ndiyo kila kitu.

Hatari kubwa ya fila ni hii: jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, inauziba. Nyama iliyokuwa inalishwa na huo mshipa inaanza kufa. Ikiwa ni mdomo, unaweza kupoteza kipande cha ngozi. Ikiwa ni pua, katikati ya nyusi ama paji la uso, mishipa ya huko imeungana na ya jicho, na watu wamepofuka. Jicho likikosa damu, halina siku ya kungoja. Lina dakika, saa moja na kidogo.

Dalili ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, ngozi kubadilika rangi, ngozi kuwa baridi, macho kuona giza ama mawili mawili. Vitabu vingi husema ngozi "inageuka nyeupe". Kwa ngozi nyeusi hiyo weupe unaweza usiuone vizuri, kwa hivyo sikiliza maumivu, gusa baridi, angalia kama kuna mistari ya ajabu ya kijivu ama zambarau. Dawa yake ni ile nilikuambia ushike: hialuronidasi. Inafaa kuwa ndani ya chumba hicho, siku hiyo, na mtu anayejua kuitumia. Si kwa duka. Si "nitatuma boda ilete".

Sasa fikiria mtu wa sindano za nyumbani amekudunga saa kumi na mbili jioni, kitandani kwa beste yako, Laini Saba. Saa moja uchungu umezidi. Unampigia, mteja hapatikani. Stima imepotea. Unatoka kwa vichochoro hadi barabara, unatafuta boda, unafika Mbagathi ama Kenyatta, unaanza kueleza kwa dawati uliwekwa nini, na wewe mwenyewe hujui jina lake. Hapo saa imeisha kitambo.

Botox feki nayo? Aprili 2024 Marekani ilitangaza kwamba watu 22 kwenye majimbo 11 walipata madhara baada ya sindano za aina ya Botox, 11 kati yao wakalazwa hospitalini. Dawa nyingine ilikuwa bandia, na wadungaji wengi hawakuwa na leseni ama walidunga nyumbani na kwenye spa. Watu walikuwa wanaona mawili mawili, hawawezi kumeza, wanakosa pumzi. Na hata Botox halisi inaharibika. Inafaa kukaa kwa baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa 24. Muulize huyo wa begi la mgongoni alitembea nayo jua kali kutoka wapi.

Mwezi huo huo, CDC ya Marekani ilitoa ripoti ya spa moja ya Albuquerque, New Mexico. Wateja watatu walioenda kufanyiwa ile huduma ya kutolewa damu na kurudishiwa usoni kwa vijisindano waliambukizwa virusi vya Ukimwi, inavyoaminika, hapo hapo. Spa ilikuwa imefungwa tangu 2018. Hao ni watu wa nchi tajiri, kwenye spa yenye viti vizuri. Kiti kizuri hakichemshi sindano.

Na wale wanasema "mimi natumia kalamu, haina sindano": hizo kalamu za kusukuma fila kwa presha zinauzwa mitandaoni kama lipbamu. Oktoba 2021 FDA ilitoa onyo watu wasizitumie, juu huwezi kujua dawa inaingia kiasi gani wala wapi.

Hapa kwetu pia tumeona. Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kutoa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na Baraza la Madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo. Ule ulikuwa upasuaji, si sindano ya mdomo, sitaki kudanganya. Lakini somo ni moja: sakafu ya kung'aa na kurasa zenye wafuasi wengi si leseni.

Midomo yetu wenyewe

Hii sehemu ndiyo huniuma.

Nimekulia mtaa ambapo dem mwenye midomo mikubwa alichekwa tangu nasari. Aliitwa majina sitaandika hapa. Alifundishwa kuuma mdomo akipigwa picha ndio uonekane mdogo. Halafu mwaka 2015 Kylie Jenner akakubali hadharani kwamba amejaza midomo, na dunia yote ikaanza kulipa ili ifanane na yule dem tuliyemcheka. Sasa yule dem, mwenye alizaliwa nayo bure, anaambiwa haitoshi. Alipie aongezewe kidogo, kwa umbo la mtu wa Los Angeles aliyekuwa anajaribu kufanana na yeye. Ukiifikiria vizuri, mtu anachukua kitu kwako, anakipaka rangi, anarudi kukuuzia kwa 40,000.

Na Botox ya "kuzuia" mikunjo kwa mtu wa miaka 19? Mikunjo mingi ya uso huletwa na jua, na melanini ni kinga. Si kinga kamili, lakini ndiyo sababu shosho wako wa miaka 70 amekaa vile amekaa. Ngozi yetu huchelewa kukunjamana kuliko ya watu tunaowaiga. Unanunua mwavuli wa mvua ya nchi nyingine.

England iliona watoto wanaingia kwa hii biashara, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa kumdunga mtu wa chini ya miaka 18 Botox ama fila kwa sababu ya urembo tu. Hata kampuni za filta zimeanza kushtuka: Novemba 2024 TikTok ilisema itawazuia walio chini ya miaka 18 kutumia filta zinazobadilisha uso. Kama wenye filta wenyewe wanaogopa, wewe unaipelekea daktari picha yake na kumwambia "nifanye hivi" ya nini?

Nitasikia mtu akisema, "Rahisi kwako kusema, wewe si unapendwa vile uko." Na kuna ukweli fulani. Uso unalipa. Anayepokea wageni hotelini anajua. Salonist anajua, kwa sababu wateja huangalia kichwa chake kabla hawajampa chao. Sisi wa kontenti tunajua zaidi ya wote. Siwezi kumuambia mtu urembo hauna pesa, ningekuwa muongo. Ninachosema ni kwamba mwenye kupata faida kubwa hapa si yule mwenye uso. Ni yule mwenye sindano, halafu yule mwenye kurasa za kumletea watu. Yaani mimi. 1,500 kwa kila kichwa. Madem kumi ni 15,000, karibu mshahara wa mwezi, kwa vidio ya sekunde arobaini. Kila ukiona creator unayempenda akisema "huyu ni doctor wangu, mwambie nimekutuma", jua huenda kuna bei juu ya kichwa chako. Na sisi creators tuambiane ukweli: ukilipwa, sema umelipwa. Ukifanyiwa bure, sema bure. Ukionyesha siku ya 14, onyesha na siku ya 2.

Kama bado unataka

Sawa. Wewe ni mtu mzima, umefikisha 18, umeweka akiba yako, hujakopa. Siwezi kukufungia mlango. Basi fanya hivi.

Tafuta daktari, hasa wa ngozi ama wa upasuaji wa plastiki. Andika jina lake kamili, lile la kitambulisho, si la Instagram. Litafute kwenye orodha ya KMPDC, na utafute kliniki pia, juu zote mbili husajiliwa. Mtu akikasirika kwa sababu umemuuliza namba ya usajili, umeshapata jibu.

Omba kuona kichupa cha dawa kabla hakijafunguliwa. Piga picha ya jina, namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Dawa zinasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na hao ndio wa kuambiwa ukishuku ni feki. Sindano ifunguliwe mbele yako.

Uliza: hialuronidasi iko hapa? Nionyeshe. Ikienda vibaya usiku nitapiga namba gani, na nani atashika?

Usifanyiwe siku ile ile umeenda kuuliza. Rudi nyumbani ulale. Daktari mzuri hatakimbiza pesa yako, na mwenye ofa inayoisha leo saa kumi si daktari, ni mnada.

Anza na kidogo. Kidogo kinaongezeka. Kingi ni kazi kukitoa.

Usikope. Hii naiweka peke yake. Deni la mdomo linalipwa na tumbo.

Na umwambie mtu mmoja unaenda wapi. Hata kama una aibu. Mpe jina la kliniki na jina la dawa, ndio ukishindwa kuongea kuna mwenye atakusemea.

Kama hayo yote ni mengi sana kwa mdomo, basi labda huo mdomo ulikuwa sawa tangu mwanzo. Na yule jamaa wa 1,500 kwa kichwa, najua bado anazunguka na begi lake, mtaa huu ama ule. Akikutumia inbox, muulize yale maswali yangu matatu. Akikubloku, amekuokolea doh.